Shangazi, mdogo wangu amejifunza kudanganya kwa sababu yangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 17, wa pili kati ya watoto watatu. Naomba mapema usiniambie nisome kwanza, mapenzi baadaye. Hayo nimeyasikia mpaka nimeyakariri, na hayajanisaidia hata usiku mmoja.

Kuna mvulana tunasoma naye darasa moja. Tulianza kwa kuazimana daftari la hesabu, maana hesabu zilikuwa zinanitesa na yeye anazifanya huku akipiga mluzi. Sijui ni lini hasa nilianza kumsubiri. Ninachokumbuka ni siku moja hakuja kwa sababu ya homa, nikajikuta nahesabu vipindi, na kila kipindi kikawa kirefu kuliko siku nzima. Kesho yake alipotokea nikashindwa hata kumwambia pole. Nilimrushia daftari lake nikaondoka. Sasa ni miezi saba tuko pamoja.

Nyumbani kwetu mambo ya wavulana hayatajwi. Baba si mkali wa kufoka wala hajawahi kutupiga. Yeye hununa. Dada yangu alipokuwa na umri wangu alikutwa na barua ya mvulana, na baba hakumgusa wala hakumtukana, aliacha tu kusema naye. Akitaka kitu anapitia kwa mama: "Mwambie huyo mwanao aniletee maji." Ilikwenda hivyo karibu mwaka mzima. Dada sasa anajitegemea, lakini akija kututembelea bado anakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Kila nikimwangalia naona deni ninalolimbikiza.

Mama yeye ni mkaguzi. Kila Jumapili jioni anachukua simu yangu na kupitia ujumbe mmoja mmoja. Haoni kitu, kwa sababu nina simu ya pili ambayo huyo mvulana alinipa, kuukuu, kioo kimepasuka. Naiweka chini ya godoro upande wa ukutani. Wote wakilala tunaongea mpaka saa nane usiku, siku nyingine saa tisa.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka kumi. Aliiona simu siku nyingi, na badala ya kunisemea akajifanya mlinzi wangu. Mama akitoka chumbani usiku, yeye anakohoa. Nikichelewa kurudi, anasema nilibaki na mwalimu, tena anamtaja na somo. Mwanzoni nilicheka. Wiki iliyopita mama alimuuliza juu ya kikombe kilichovunjika, jambo lisilonihusu kabisa, naye akadanganya kwa uso mkavu, macho yametulia, bila hata kumeza mate. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ule uso niliujua, Shangazi. Ni wangu.

Halafu muhula huu nimeshuka nafasi kumi na moja darasani, na mama ameanza kuniangalia kwa jicho la kutafuta.

Mpenzi wangu ananipenda, hilo sina shaka nalo. Alinipa neno lake la siri la akaunti zake, nami nikampa langu, ili tusifichane kitu. Wakati mwingine huniuliza kwa nini nimemjibu fulani haraka hivyo, au kwa nini nilikuwa hewani na sikumwandikia yeye. Naelewa, ana wivu kwa sababu anajali. Anasema wazazi hawana ruhusa ya kunikagua, kwamba hata Umoja wa Mataifa unampa mtoto haki ya faragha.

Nifanye nini? Nimwambie mama, niachane naye, au nivumilie miezi mitano nitimize 18 ili nisiulizwe tena? Na je, haya ni mapenzi kweli au ni utoto?

Ni mimi,
Wa Chini ya Godoro

*

Marahaba mwanangu.

Sikwambii usome kwanza. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu watu wazima hulijibu kwa kulicheka.

Ni mapenzi. Yule aliyehesabu vipindi siku ya homa hakuwa anaigiza. Shirika la Afya Duniani huhesabu ujana wa kubalehe kuanzia miaka 10 hadi 19, na katika miaka hiyo sehemu za ubongo zinazotafuta raha na msisimko huwa zimechangamka sana, wakati sehemu ya mbele, ile inayopima matokeo na kukwambia "ngoja kwanza", inaendelea kukomaa mpaka mtu anavuka miaka ishirini na kitu. Kwa hiyo unachokisikia kifuani ni kitu kizima, si nusu ya kile anachokisikia mtu wa miaka thelathini. Kinachokupungukia ni uzoefu wa kukibeba, na huo hauji kwa kukikana. Anayekwambia ni utoto amesahau siku zake, au anazikumbuka vizuri sana na anaogopa.

Sasa nikwambie nilipokwama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye kikombe.

Wahenga walisema penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika. Kwenu, kikohozi chenyewe kimeajiriwa kulificha! Nilicheka, kisha nikaacha, kwa sababu mwenye kikohozi ana miaka kumi. Hakuna aliyemfunza kudanganya kwa maneno. Amekaa karibu na wewe usiku baada ya usiku, ameona uongo unaleta amani ndani ya nyumba na ukweli ulimfanya dada yake mkubwa awe mgeni, akafanya hesabu yake. Ni hesabu sahihi kwa mtoto wa umri huo, na ndiyo maana inaniuma.

Unaposema unataka faragha, nakuelewa na niko upande wako. Lakini chini ya godoro lako kuna siri, na siri na faragha hazifanani. Faragha haimhitaji mtu mwingine ili isimame. Unavyowaza ukiwa peke yako, unachoandika kwenye shajara, jina unalolitaja moyoni unapooga, vyote hivyo ni vyako, na hakuna anayelazimika kudanganya ili viendelee kuwa vyako. Siri hutaka kulishwa. Leo utailisha mwalimu ambaye hukubaki naye, kesho kikohozi cha mdogo wako, keshokutwa kitu ambacho bado hujakifikiria. Ukitaka kujua kipi ni kipi, tazama kama kuna mtu amelazimika kusema uongo.

Mpenzi wako hakukudanganya kuhusu Umoja wa Mataifa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, Ibara ya 16, unamlinda mtoto dhidi ya kuingiliwa kiholela katika faragha yake. Lakini hakukusomea Ibara ya 5 ya mkataba huohuo, inayoheshimu wajibu na haki ya wazazi ya kumwongoza mtoto kwa kadiri uwezo wake unavyokua. Zisome zote mbili. Mama yako ana haki ya kukuongoza, na uongozi wa binti wa miaka 17 haupaswi kuwa sawa na wa mtoto wa kumi. Hapo ndipo penye mazungumzo. Ila nakusihi, usiende kwa baba na namba za ibara. Nawajua akina baba wa aina hiyo. Utanyamaziwa mpaka mkataba urekebishwe.

Na kwa kuwa tunazungumzia kukaguliwa, hebu tumtazame huyu mvulana.

Umeniandikia kwa uchungu kwamba mama anapitia ujumbe wako kila Jumapili. Kisha, bila uchungu wowote, ukaniambia kuna mtu mwingine mwenye funguo za akaunti zako zote, anayejua umemjibu nani na kwa haraka gani, anayeona ulikuwa hewani. Mama hukagua mara moja kwa wiki. Huyu anakagua lini? Umemkimbia askari wa Jumapili ukajikabidhi kwa askari wa kila saa, na huyu wa pili umempa mwenyewe ufunguo ukauita upendo.

Simsemi kwamba ni mtu mbaya. Ana umri kama wako, na huenda hajui njia nyingine ya kutuliza hofu yake. Lakini wivu ni hofu, mwanangu. Kujali ni jambo jingine. Anayekujali huuliza umelala saa ngapi. Mwenye hofu huuliza ulikuwa unaongea na nani.

Wiki hii badilisha maneno yako ya siri. Usifanye kimyakimya, siri unazo za kutosha. Mwambie: "Nimebadilisha, nawe badilisha zako. Nakuamini bila kukukagua, na nataka uniamini hivyohivyo." Halafu tulia umsikilize. Akiumia kidogo, akauliza, akaelewa, basi umepata kijana anayeweza kukua. Akisema "basi una mtu", akikununia siku tatu, au akikutisha kwamba atawaonyesha watu mazungumzo yenu, utakuwa umejua kitu ambacho miezi saba haikukuonyesha. Hapo sitakuwa na maneno mengi: ondoka, na umwambie mtu mzima siku hiyohiyo. Kumnunia mtu mpaka akose pumzi unakujua vizuri, umekulia nako. Usikichague tena kwa mkono wako.

Kuhusu kusubiri miaka 18. Usiku wa kuamkia siku yako ya kuzaliwa baba halali mtu mmoja akaamka mwingine. Sheria huhesabu miaka, wazazi wanahesabu wanachokiona. Tena hiyo miezi mitano mdogo wako ataendelea kukohoa.

Nimewasikia vijana wengi wakijifariji kwamba kupingwa ndiko kunakolifanya penzi liwe la kweli. Wazo hilo hata wataalamu walilishika. Mwaka 1972 nchini Marekani, Richard Driscoll na wenzake waliwafuatilia wachumba na wanandoa wakaripoti kwamba wazazi walipozidi kuingilia, mapenzi yalizidi kuwaka. Watu walipenda sana habari hiyo. Mwaka 2014 Colleen Sinclair na wenzake wakalirudia jambo hilohilo kwa uangalifu na hawakuuona moto huo. Walichokiona ni cha kawaida kabisa, kwamba mapenzi yaliendelea vizuri zaidi pale ndugu na marafiki walipoyakubali. Kwa hiyo usidhani godoro linalitunza penzi lako. Chukua mazungumzo yenu ya wiki moja uyasome kama ya mtu mwingine. Ukitoa "mama amelala?", "usipige sasa" na "kwa nini hukujibu", kinabaki nini? Daftari la hesabu bado limo? Mluzi je?

Usingizi nao. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Ukilala saa tisa usiku na asubuhi uende shule, unapata ngapi, tatu? Mtu hushuka nafasi kumi na moja kwa hilo tu, hata kama hampendi mtu yeyote duniani. Mama ataona matokeo atasema "ni mvulana". Mimi nasema ni saa tisa. Kama mnapendana kweli, agizaneni kulala saa nne.

Sasa, nani aambiwe.

Aanze mdogo wako, leo, kabla hujamfikiria mama. Mkae mahali mnapoweza kuongea bila kunong'ona, umwambie: "Ulichonifanyia ulikifanya kwa sababu unanipenda. Nilikosea kukuachia. Kuanzia leo usikohoe wala usinisemee. Ukiulizwa, sema 'muulize mwenyewe'." Atakataa. Ameshazoea kuwa na kazi muhimu, na kwa mtoto wa kumi hiyo ni heshima kubwa. Mpe heshima nyingine, lakini hiyo mnyang'anye.

Anayefuata ni dada yako. Nilishangaa kwamba umemtazama miaka yote akikaa ukingoni mwa kiti na hujawahi kumuuliza ilikuwaje. Umeniandikia mimi nisiyekujua sura, ukampita mtu aliyeipita njia hiyohiyo, kwa baba yuleyule, katika nyumba ileile. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Yeye anajua mama alikuwa anasema nini usiku mlango ukifungwa, na kama baba aliwahi kujuta. Pengine amengoja muda mrefu mtu amuulize. Mweleze yote, pamoja na simu na maneno ya siri. Mwombe awepo siku ya mama.

Ndipo mama. Usingoje Jumapili, maana jioni ya ukaguzi anakuwa hakimu na wewe mshtakiwa. Chagua siku nyingine, mikono yake ikiwa na kazi, watu huongea vizuri zaidi mikono ikiwa na shughuli. Usianze na mvulana. Anza na uongo: "Mama, nimekuwa nikikudanganya na nimechoka. Nina simu nyingine, hii hapa. Kuna kijana darasani nampenda. Nimeshuka kwa sababu silali. Na mdogo wangu amekuwa akidanganya kwa ajili yangu, hilo ndilo lililonifanya nije." Mpe simu kwa mkono wako. Simu iliyotolewa na simu iliyokutwa si simu moja, hata kama ni ileile yenye kioo kilichopasuka.

Huenda akalia. Huenda akafoka, au akakataza kila kitu kwa muda. Vumilia hapo, usirudishe neno. Ukweli wako umekaa miezi saba gizani, yeye ndiyo kwanza anauona. Akikutaka mkae kama wanadarasa tu kwa sasa, si mwisho wa dunia. Mtaonana kila siku, na mtaazimana daftari. Kama kuna kitu cha kweli kati yenu hakitakufa kwa kukosa saa tisa usiku. Mimi sikuamuru uachane naye. Jibu lake kuhusu maneno ya siri litakusaidia kuamua hilo kuliko mimi.

Baba mwache mama ampelekee. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na baba yako ung'ongo wote wa nyumba hiyo anaugeuza nyoka tangu ile barua. Inawezekana akanuna tena. Akinuna, wewe msalimie. Kila asubuhi, shikamoo yako kwa sauti ya kawaida, aitikie asiitikie. Na nikwambie jambo ambalo pengine hakuna mtu mzima aliyekwambia: mtu mzima kumnyamazia mtoto mwaka mzima ni kosa. Sikosei adabu kusema hivyo. Anaweza kuwa baba mwema, mwenye kuwapenda na kujinyima kwa ajili yenu, na bado katika hilo akawa amemkosea dada yako. Usilibebe kama deni lako. Hukulikopa wewe.

Na uniambie ukweli kama kuna nilichokikosa. Ikiwa kuna hofu ya kupigwa, kutolewa shule, au kuozwa, basi sahau mpangilio huu. Usiseme nyumbani peke yako. Tafuta kwanza mwalimu wa ushauri nasaha, au ndugu mkubwa ambaye baba humsikiliza, au piga simu ya msaada kwa watoto mahali ulipo, wakusaidie kujua njia salama.

Wazazi mnaosoma safu hii kwa kujificha, najua mpo, nawaomba dakika moja. Mwaka 2000 watafiti Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha kazi waliyoifanya Sweden kwa vijana wa miaka 14 zaidi ya 700 na wazazi wao. Walitaka kujua mzazi anayejua mambo ya mwanawe ameyajuaje. Ilionekana kwamba kwa sehemu kubwa anayajua kwa sababu mtoto mwenyewe alimwambia, kuliko kwa kuchunguza na kudhibiti. Mama wa binti huyu amekagua simu kila wiki kwa miezi saba, na amejua kidogo kuliko mtoto wa miaka kumi. Huyo hakukagua kitu. Alikuwa tu mtu ambaye dada yake hakumwogopa.

Haya mwanangu, ukishaongea na dada niandikie. Na kile kikombe, muulize mdogo wako taratibu, baada ya wewe kumwambia ya kwako. Nataka kujua nani alikivunja.

Shangazi